Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: vijana wetu na kilomita 5 za maji ya wazi

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, makocha, na ninyi waogeleaji wenyewe,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina. Mimi sehemu kubwa ya muda wangu nimeiweka kwa jambo moja: vijana wetu tisa walioingia mbio za kilomita 5 kwenye maji ya wazi, yaani nje ya bwawa, kwa mara ya kwanza tangu klabu hii iundwe.

Wazo lilitoka kwao. Walituletea barua yenye sahihi zao zote, na kamati tukasitasita. Bwawa letu lina urefu wa mita 25. Kilomita 5 ni urefu huo mara 200, yaani kugeuka ukutani mara 199, na kila ukigeuka unausukuma ukuta kwa miguu na mikono inapata nafuu ya nukta mbili tatu. Kwenye maji ya wazi ukuta haupo. Mstari mweusi wa kukuonyesha njia nao haupo. Wapo pia wazazi waliohofia kwamba masafa marefu yataharibu kasi ya watoto bwawani. Hao niliwakumbusha Oussama Mellouli wa Tunisia, aliyechukua dhahabu ya mita 1500 bwawani Beijing mwaka 2008, kisha dhahabu ya kilomita 10 kwenye maji ya wazi London mwaka 2012.

Mazoezi yalichukua miezi mitano. Kuna asubuhi moja siisahau. Kocha aliwaambia wafumbe macho, wapige mikono kumi, kisha wafumbue waone wamefika wapi. Karibu wote walijikuta wamegonga kamba ya pembeni, kwa sababu mkono mmoja huvuta kuliko mwingine na mtu hajui mpaka anyimwe ule mstari. Kuanzia siku hiyo wakawa wanajifunza kulitafuta boya linaloonyesha njia: inua macho tu, kama mamba, pua ibaki majini, kisha ndipo ugeuze kichwa uvute pumzi. Anayeinua kichwa kizima nyonga zake huzama, na miguu inakuwa mzigo wa kuburuta.

Siku yenyewe ilipopigwa filimbi, saba kati ya tisa walisahau kila walichofundishwa kuhusu mwendo. Walitoka kama wanaogelea mita 100. Binti yetu wa miaka 14 alipita boya la kwanza akiwa wa mwisho kabisa katika kundi letu, amejibana nyuma ya miguu ya mwogeleaji wa klabu nyingine ili maji yaliyokwisha kukatwa yampunguzie kazi. Kufikia boya la tatu alikuwa amewapita wenzake wote, na hakuongeza kasi hata kidogo. Wao ndio walioishiwa nguvu. Naomba makocha mwaonyeshe wadogo jinsi alivyoogelea.

Wanane walimaliza. Mmoja hakumaliza, na hapa nataka tuelewane vizuri.

Kijana wetu wa miaka 15 alikuwa amebakiza kama kilomita moja. Msindikizaji kwenye mtumbwi aliona mikono yake imepungua kasi, akamuuliza jina la kocha wake. Kijana alinyamaza, akajibu kwa ulimi mzito, dalili kwamba baridi imemwingia mwilini. Akatolewa majini papo hapo, akavuliwa nguo mbichi, akafungwa blanketi, akalia kwa uchungu. Baadaye nilisikia maneno kwamba angeachwa tu amalizie, kilomita moja si kitu. Kamati haikubaliani na maneno hayo, na mimi binafsi siyakubali kabisa. Mwaka 2010 Fran Crippen, Mmarekani wa miaka 26, mwogeleaji wa kiwango cha dunia, alifariki katika mbio za kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu. Maji yalikuwa ya moto mno, na waogeleaji wenzake waliokwisha kumaliza ndio waliorudi majini kumtafuta. Baada ya msiba ule shirikisho la dunia liliweka kikomo cha joto la maji kuwa nyuzi 31. Kwa upande wa baridi kikomo ni nyuzi 16. Kama gwiji alipotea bila kuonekana, mtoto wetu anahitaji jicho lisilobanduka kwake.

Kosa lilikuwa letu. Siku ile maji yalikuwa nyuzi 19, ndani ya sheria, lakini vijana walizoea bwawa lenye maji ya uvuguvugu na tuliwapeleka maji ya wazi mara mbili tu. Maji hupokonya mwili joto mara 25 hivi kuliko hewa, na kijana mwembamba hana akiba ya kupoteza. Maji usiyoyafika hujui wingi wake; sisi tuliyafika mara mbili tukadhani tumeyajua. Nimekwisha kuwaomba radhi wazazi wake nyumbani, na leo narudia mbele yenu.

Mengine kwa ufupi: darasa la wanaoanza limejaa, saa mbili za ukutani zimetengenezwa, na kamati ilikutana kila mwezi kama katiba inavyotaka. Wazazi waliokesha wakichemsha maji ya kunywa na kuandaa vifaa vya safari, nawashukuru kwa moyo wote.

Kamati inaleta mapendekezo matatu. Kwanza, hakuna kijana atakayesajiliwa kwa masafa marefu kabla ya kuogelea maji ya wazi mara nane, na mara mbili za mwisho ziwe kwenye baridi inayokaribia ile ya mashindano. Pili, kila waogeleaji watatu wawe na msindikizaji wao anayewajua kwa majina. Tatu, msindikizaji akisema toka, neno lake ni la mwisho, na mzazi au kocha hana ruhusa ya kulipinga akiwa nchi kavu. Fomu zipo mezani kwa katibu, na kura zitapigwa mara tu mweka hazina atakapomaliza.