Kwa mdogo wangu mpiga picha, kuhusu ile picha ya uani

Mdogo wangu,

Simu hupokei, basi nakuandikia hapa. Kazi yako naipenda, na watu wa Mji Mkongwe hawakuiti kwenye harusi zao kwa kukuonea huruma. Lakini ile picha ya uani, baada ya akdi, imenikaa kooni.

Biharusi kaketi, Bibi kasimama nyuma yake, mkono begani kwa mjukuu. Hina ya biharusi inaonekana hadi ncha za maua. Mkono wa Bibi, mishipa yote imo. Uso wake ni moshi. Na ndiyo picha yake ya mwisho, Mungu amrehemu.

Usiseme fokasi, pale lenzi inapolenga, iliteleza. Lenzi ya milimita 50, tundu la kupitisha mwanga umelifungua f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), umesimama mita 2: kwa sensa, kile kibamba kinachonasa mwanga, kubwa kama yako, kinachotoka wazi ni kama sentimita 17 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Fokasi ilishika jicho la biharusi, na uso wa Bibi ulikuwa nusu mita nyuma yake. Ungeupata vipi?

Ungerudi hadi mita 3 ukafunga f/5.6, ungepata nusu mita mbele ya biharusi na robo tatu ya mita nyuma yake. Bibi yumo. Utasema mwanga. Kweli, kutoka 1.8 hadi 5.6 unapungua karibu mara kumi, lakini shata yako, ule muda wa kuingiza mwanga, ilikuwa 1/1000 ya sekunde kwa watu waliotulia! ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ungeitoa 400 ukaitia 800, shata ukaishusha 1/200, basi. Wala usikimbilie f/16. Tundu likibanwa mno mwanga hutawanyika, picha nzima ikalegea.

Nilipokwambia "funga lenzi", yaani bana tundu, mbele ya watu ulinuna, ukasema nina wivu. Wivu wa nini, mdogo wangu? Ningenyamaza mpaka waondoke, ningekuwa nimekusaidia? Mlango wa kuchongwa ukififia nyuma ya biharusi hakuna anayelia. Aliyeitwa asimame kwenye picha anataka kujiona.

Na ile uliyoitia makali kwa programu usiirushe tena kwenye kundi la familia. Imekoleza kingo tu. Makunyanzi ya Bibi haiyajui. Niletee faili zote za uani, hata ulizozikataa, huenda kwenye moja Bibi kainama mbele. Jumamosi huko Wete, wakipangwa safu mbili anza na f/5.6, safu tatu f/8. Ukishamaliza vikundi, ndiyo uirudie hiyo 1.8 yako.