Usifute chochote kwanza

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi sote tu wazima, na nimefurahi kusikia nawe hujambo, ingawa kompyuta inakutoa jasho. Pole sana kwa zile kurasa zilizopotea. Najua ulivyozihangaikia. Kabla ya jambo lolote, fungua tena LibreOffice, ile programu ya kuandikia, uone kama itakuletea dirisha la kuokoa hati. Ikileta, kubali, uhifadhi kwa jina jipya. Wengi hulifunga dirisha hilo kwa pupa, wakapoteza kilichokuwa bado kinaokoleka.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Umeniandikia kwamba kwenye Linux yako ukibonyeza Ctrl+Alt+F3 unafika kwenye konsoli ya maandishi (skrini ya kuandika amri tu, bila madirisha) salama salimini, lakini ukirudi kwenye eneokazi skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde mbili, kisha unajikuta kwenye ukurasa wa kuingilia, na madirisha yote uliyoyaacha wazi hayapo. Ukamalizia kwamba Jumamosi utafuta kila kitu na kusakinisha upya. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilifanya mara mbili, na mara zote mbili hitilafu ilinirudia siku ileile. Nilichofuta ni ushahidi. Chanzo kilibaki palepale.

Ngoja nikueleze kinachotokea, maana ukikijua hutapiga ramli tena. Kadi ya michoro ina bwana mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiwa kwenye eneokazi, bwana huyo ni seva ya michoro, programu inayochora madirisha kwenye skrini. Ukibonyeza vile vitufe vitatu, seva inatakiwa kupisha: inaachia kadi, inaachia kibodi na kipanya, inajibu kwamba imeachia, ndipo keneli, kiini cha mfumo wenyewe, inapochora maandishi yake. Ukirudi, seva lazima iikamate kadi upya, iiombe keneli ipange modi ya skrini (ukubwa na kasi ya picha), ihesabu skrini zilizounganishwa, kisha ivichukue tena kibodi na kipanya. Kuachia si kazi kubwa. Kukamata upya ndiko kuzito, na ndiyo maana eneokazi hufa zaidi mtu anaporudi kuliko anapotoka. Kazi ya kupanga modi ilianza kuhamia ndani ya keneli kwenye toleo la 2.6.29, mwaka 2009. Kabla ya hapo seva ilijipangia yenyewe, na kubadili konsoli kulikuwa jambo la kuombea dua.

Kwa hiyo swali la kwanza ni: nani amekufa? Kwako naona jibu liko wazi. Ukirudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia, keneli ni nzima. Kilichokufa ni seva ya michoro au msimamizi wa madirisha (programu inayoyapanga madirisha). Ingekuwa skrini imeganda na hakuna kinachojibu, ningekwambia ujaribu kuingia kwa ssh, yaani kupitia mtandao, kutoka kompyuta nyingine. Ssh ikikubali, keneli iko hai na unaweza kusoma kila kitu ukiwa huko. Ikikataa, shika Alt na SysRq (mara nyingi ni kitufe kilekile cha PrtSc), ubonyeze R, kibodi irudi mikononi mwa keneli, kisha ujaribu tena Ctrl+Alt+F3. Hilo linafanya kazi pale tu mfumo ulipoiruhusu. Angalia tarakimu iliyomo kwenye /proc/sys/kernel/sysrq. Ikiwa ni 1, vitufe vyote vya namna hiyo vimeruhusiwa.

Ile logi (kumbukumbu ya matukio ya seva) uliyonitumia nimeisoma mstari kwa mstari na sikuona kosa lolote. Baadaye nikagundua kwa nini: umenitumia logi ya seva mpya, ile iliyozaliwa baada ya ya kwanza kufa. Seva inapoanza hulibadili jina faili la zamani na kuliongezea .old. Kwa hiyo tafuta /var/log/Xorg.0.log.old, na kama halipo, angalia ndani ya ~/.local/share/xorg/. Nenda moja kwa moja mwishoni, usome mistari yenye alama ya (EE), ndiyo ya makosa. Ukikuta maneno EnterVT failed for screen 0, basi seva ilirudi, ikajaribu kuichukua skrini, ikashindwa, ikajiua. Usipoyakuta, andika coredumpctl list, amri inayoorodhesha programu zilizoanguka, ulinganishe saa ya kifo na saa uliyorudi kwenye eneokazi. Hapo utaona ni programu ipi iliyoanguka.

Hitilafu yangu niliikamata hivyo hivyo. Mezani nilikuwa na skrini ya nje, na kifuniko cha kompyuta nilikifunga. Niliingia kwa ssh kutoka kompyuta nyingine, nikahifadhi kila kitu, halafu nikawa narudia amri hizi: sudo chvt 3, sleep 5, sudo chvt 2 (nenda konsoli ya tatu, subiri sekunde tano, rudi ya pili penye eneokazi). Mara ya kwanza salama, ya pili salama, ya tatu giza. Coredumpctl ikaonyesha msimamizi wa madirisha amekufa kwa signali 11, yaani aligusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Nikafungua kifuniko nikarudia amri mara ishirini, hakikutokea kitu. Skrini ile ya nje ilikuwa nzito kuamka kila modi ilipobadilika, kwa hiyo eneokazi lilirudi likakuta hakuna skrini hata moja, nalo halikuandikwa kuvumilia hali hiyo. Niliacha kifuniko wazi mpaka sasisho likaja. Siku mbili za kusakinisha upya, na ufumbuzi ulikuwa kunyanyua kifuniko! Bado naumia nikikumbuka muda ule.

Kwako nashuku kitu kingine. Nakumbuka siku uliposakinisha mfumo, skrini iligoma kuwaka, ukaongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia. Je, uliliondoa? Andika cat /proc/cmdline uangalie. Likiwapo, umeikataza keneli isipange modi kwa draiva (programu ya kuendeshea kadi) halisi ya kadi yako, na seva inajikokota na draiva ya dharura. Neno lile lilikuwa mtumbwi wa kuvukia siku ile tu. Jaribu kuliondoa kwa muda: kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta inapowaka, bonyeza e, ulifute kwenye mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl+X. Badiliko hilo halidumu. Skrini ikigoma, washa upya na utarudi ulipokuwa. Ikiwaka vizuri, nenda konsoli ya tatu na kurudi, mara kumi au zaidi, bila hati yoyote wazi.

Kama neno halimo, kwenye menyu hiyohiyo chagua keneli ya zamani ufanye jaribio lilelile. Ikitulia, basi kosa limeingia na keneli mpya au draiva yake. Kama draiva yako imesakinishwa pembeni ya keneli, amri dkms status itakuonyesha kama imejengwa kwa keneli unayoitumia. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja. Ukifanya hivyo na shida ikaisha, hutajua kilichoimaliza ni kipi.

Nitumie mistari ishirini ya mwisho ya lile faili la .old, pamoja na ulichokiona kwenye cmdline. Ukiipata leo usiku, nitumie leo leo, nitakuwa macho.

Ni mimi rafiki yako.