Jumamosi: Gwendolyn Brooks

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa kumi tunasoma "We Real Cool" la Gwendolyn Brooks, mshairi wa Chicago, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950.

Tafadhali chapeni shairi lilivyo. Lina maneno 24 tu, yote ya silabi moja, mishororo minane. "We" ("sisi") inakaa mwisho wa mishororo saba ya kwanza. Mkinakili kwenye simu mpangilio huvurugika, "We" ikaruka mwanzoni mwa mshororo unaofuata. Hapo vina vinatua mwishoni na shairi zima linakuwa kwata.

Brooks alitaka "We" isomwe kwa sauti ya chini, kwa sababu vijana saba wanaosema katika shairi, wacheza pool (mchezo wa mipira ya mezani), hawajiamini kama wanavyojigamba. Kwa hiyo: nukta, "We" kwa upole, simama kidogo, ndipo ushuke. Wengi huipigia kelele, na hapo wanaligeuza shairi kuwa majigambo matupu. Mshororo wa nane, "Die soon" (tunakufa mapema), hauna "We". Msiiongeze, kimya hicho ndicho kifo chenyewe.

Kitabu ni The Bean Eaters, 1960. Mwenye nakala aje nayo.