Mwenye uzamivu asisubiri tangazo

Ndugu Mhariri,

Watoto wa Bagamoyo na Korogwe walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na Bagamoyo ikaendelea na R21, chanjo nyingine ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023. Inasikitisha kuona kijana wa hapa mwenye shahada ya uzamivu ya biolojia au kompyuta akikosa nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu kwa makosa yanayorekebishika.

Kosa la kwanza ni kusubiri tangazo. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya huombwa pamoja na taasisi itakayokupokea, na dirisha hufungwa kwa kawaida Septemba. Ukimwandikia profesa Agosti, yuko likizo. Mwandikie Februari au Machi, aya tatu tu: swali unalotaka kulijibu, ulichokwisha kufanya (taja makala moja, si kumi), na kwa nini maabara yake na si nyingine. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe mara moja. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa arobaini hutambulika kwa mstari wa kwanza.

Tena hesabu miezi. Ufadhili huohuo haumpokei aliyeishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Aliyemaliza uzamivu Ujerumani juzi na kuomba kubaki hukohuko anaondolewa mradi wake haujasomwa.

Wataalamu wa kompyuta, hisabati na fizikia wasijitoe. Human Frontier Science Program, mpango wa kimataifa wa kufadhili utafiti wenye makao Strasbourg, Ufaransa, una ufadhili wa miaka mitatu kwa ajili ya wanaohamia sayansi ya uhai kutoka fani hizo. Ila kuandika "nitatumia akili mnemba" hakutoshi. Eleza una sampuli ngapi, za wagonjwa wangapi, na modeli (programu inayojifunza kuutambua ugonjwa kutokana na vipimo) itapimwa kwa nani. Hapa ndipo miradi mingi huharibika: vipimo vya mgonjwa mmoja vikiingia kwenye kundi la kufundishia na la kupimia pia, modeli inamkumbuka mgonjwa badala ya kuutambua ugonjwa, na usahihi unaonekana mkubwa bure. Gawanya makundi hayo kwa mgonjwa, kamwe si kwa sampuli. Vilevile, sampuli za wagonjwa zikisomwa kwa mashine moja na za wazima kwa nyingine, tofauti utakayoipata huenda ni ya mashine.

Kama damu au takwimu zinatoka Tanzania, kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na mkataba wa kusafirisha sampuli huchukua miezi. Viwekwe kwenye ratiba ya mradi tangu mwanzo. Soma pia fomu ya ridhaa waliyosaini washiriki. Kama haikuruhusu matumizi ya baadaye, sampuli hizo hazitumiki mpaka kamati ya maadili iamue.

Tunaviomba vyuo vyetu jambo moja: barua za wadhamini zitoke ndani ya wiki mbili tangu ziombwe. Mfumo wa maombi ukishafungwa, barua iliyochelewa haipokelewi.

Wasomaji wako,
Bagamoyo