Somo, nahitaji macho yako kwenye hesabu za mikoko

Somo yangu,

Asalaam aleikum wewe na wote hapo nyumbani. Huku tuwazima, ila mama na lile goti lake, na joto ndilo unalolijua. Kimya changu utakigombeza tukionana. Leo nina haja na wewe, na haja yenyewe haina subira.

Wamenitia kwenye kamati ndogo ya fedha ya shirika letu la mikoko. Usicheke. Walitaka mtu anayejua kujumlisha na asiyemwogopa Mzee Kombora, na aliyelitaja jina langu ni Kombora mwenyewe, jambo ambalo mpaka sasa sijalielewa. Basi nimekabidhiwa mafaili, na usingizi umenihama.

Niseme mapema: sijaona aliyeiba. Ingekuwa wizi ningejua pa kuanzia. Kinachofanyika ni kukopeshana mifuko. Fedha zilizoletwa kwa ajili ya vitalu vya miche zimelipa petroli ya boti ya doria na mishahara ya walinzi. Halafu fedha za mfadhili mwingine, zilizoletwa kwa mafunzo ya kina mama wa chaza, zikaziba pengo la vitalu. Ukiuliza, unaambiwa zote ni za mikoko, sasa tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba kila aliyetoa alisema zake ni za nini, na karatasi ikatiwa saini.

Na siwalaumu wao peke yao. Wafadhili wanapenda kununua miche, kwa sababu mche unapigwa picha. Nani anataka kulipia mhasibu, au umeme wa ofisi, au mlinzi anayekesha kwenye mbu ili watu wasikate boriti? Kwa hiyo mlinzi anaandikwa "mwezeshaji", na petroli inaandikwa "usafiri wa washiriki". Ukizisoma hesabu zetu utadhani kijiji kizima hakitoki semina. Mimi niko hapa hapa, somo, na hata chai ya semina hizo sijaionja.

Miche nayo ina kisa chake. Ripoti zinahesabu iliyopandwa, hazihesabu iliyo hai. Wamepanda mkoko kwenye tope la nje kabisa, upande wa bahari, ambako hata mtoto wa mvuvi angewaambia hapo ni pa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko. Bamvua likaizoa. Msimu uliofuata wakapanda palepale, wakahesabu tena. Risiti zote halali, vocha zote zina saini, mti hakuna. Mkaguzi wa hesabu alikuja, akaziona risiti, akaridhika. Hakuvua viatu kuingia matopeni, wala si kazi yake, najua utanijibu hivyo.

Sasa sikia kinachonitisha hasa. Kuna mshirika amekuja na rasimu ya mkataba wa kuuza hewa ya kaboni ya msitu wetu, yaani tulipwe kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi. Watu wamefurahi, kila mmoja anaitaja Gazi ya Kwale. Wenzetu wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakiuza tangu 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117 tu, kama tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Lakini hakuna anayetaja kwamba mradi ule umesajiliwa chini ya Plan Vivo, mfumo wa kimataifa wa kuthibitisha miradi ya kaboni, na ripoti zake za kila mwaka zinawekwa hadharani, anayetaka kusoma anasoma. Sisi ripoti yetu imeandikwa kwa Kiingereza, inapanda kwa wafadhili, haishuki barazani.

Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inasema mradi wa ardhi uipe jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Hiyo asilimia 40 imekuwa wimbo huku. Ila inahesabiwa baada ya kutoa gharama za kuendesha shughuli, na hicho kipande cha pili hakiimbwi. Gharama zikivimba, fungu la kijiji linasinyaa. Na gharama anaandika nani? Watu walewale waliozoea kuandika petroli kuwa semina. Mpaka sasa uandishi huo umemzunguka mfadhili aliye mbali, na pengine alitaka kuzungukwa. Mkataba huu ukitiwa saini, utakaokuwa unaliwa ni mfuko wa kijiji, wa Bi Mkunga na wenzake, nao hawatajua.

Nililisema kikaoni. Kombora akanijibu kwamba hesabu zimekaguliwa na zimepelekwa serikalini, tena sasa kuna sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma kama letu. (Mpya! Imepitishwa 2013, ikalala mpaka Mei 2024 ilipoanza kutumika.) Nikapendekeza jambo dogo: ukurasa mmoja wa Kiswahili, zilizoingia, zilizotoka, za nani na kwa kazi gani, ubandikwe pale bandari ya wavuvi. Akasema watu hawataelewa tarakimu. Watu wanaojua pweza ameongezwa bei kiasi gani tangu mwambani mpaka Mombasa! Yule kijana wa mashine ya barafu alicheka kwa sauti, nikamwombea dua kimoyomoyo.

Kuna na lingine, nililiacha kwa sababu linaniudhi kuliko yote. Watia saini wa benki ni watatu, na wawili kati yao wanakula chungu kimoja. Fedha ndogondogo zinapita kwenye simu ya mtu binafsi, zimechanganyika na karo na mchango wa harusi. Mwenyewe ni mwaminifu, nitamwapia. Lakini akifa kesho, nani ataweza kuzitenganisha?

Tena wananitaka nitie saini taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu. Sitaki kuwa kikwazo, maana tukivurugana hapa wakataji boriti ndio watakaofurahi, na boti lazima itoke. Sitaki pia kuandika jina langu chini ya semina zisizokuwepo.

Sasa nijibu, wewe uliyefanya kazi ya ukaguzi. Naweza kutia saini na kuambatisha maelezo yangu, au ni kujidanganya? Mfadhili akiandikiwa ukweli, kwamba fedha za vitalu zililipa walinzi, huwa anazidai au anakubali zibadilishwe matumizi? Umewahi kuona anayekubali? Hizo "gharama za kuendesha shughuli" zinaweza kuorodheshwa ndani ya mkataba wenyewe, na kuwekewa kikomo? Mwanasheria yupi angetusomea rasimu bila kutumaliza? Na kuhesabu miche iliyo hai baada ya mwaka, hilo linaingia kwenye ukaguzi, au ni kazi ya wale vijana wa taasisi ya utafiti wa bahari?

Na je, unaweza kuja? Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya alasiri. Ukija Ijumaa tutapata usiku mzima na mafaili. Usimwambie dada yako sababu, atamwambia Kombora kabla sijafika sokoni. Mwanao amepata ile nafasi ya Lamu? Na lile deni la kiti cha harusi, mmelimaliza vipi?

Nijibu upesi.

Somo yako