Wanafunzi wachore wanachokisoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu na wazazi wa jiji hili la Dar es Salaam kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa mchezo, yaani mwanafunzi kuchora kile alichokisoma.

Wanafunzi wangu wa Darasa la Tano walisoma habari kuhusu malaria, wakajibu maswali ya ufahamu, na karibu wote wakapata alama nzuri, kwa kuwa majibu yalikuwamo katika habari yenyewe na kazi yao ilikuwa kuyanakili tu. Nilipowataka wafunge vitabu na kuchora maisha ya mbu kuanzia yai, ndipo nilipoona nani ameelewa. Msichana mmoja alichora mayai juu ya majani makavu, na viluwiluwi wenye miguu wakielekea dimbwini, ilhali muda mfupi kabla aliandika bila kosa kwamba mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama. Tuliirudia aya ile pamoja, akachora upya, safari hii mayai yakiwa ndani ya tairi kuukuu lililojaa maji ya mvua, kama lile lililoko uani kwao.

Uzuri wa mchoro si hoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walichapisha mwaka 2016 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu walikumbuka zaidi maneno waliyoyachorea picha kuliko yale waliyoyaandika tena na tena, hata wasipokuwa mafundi wa kuchora. Anayechora hulazimika kuamua kitu kiko wapi, kina umbo gani na kipi kinatangulia. Anayenakili ubaoni hadaiwi maamuzi hayo, na ndiyo maana napinga pia desturi ya mwalimu kuchora mwenyewe ubaoni kisha darasa zima likaiga.

Najua madarasa yetu yamefurika. Hata hivyo, penseli na ukurasa mmoja vinatosha, rangi si lazima, na mwalimu anayepita kati ya madawati huona kosa katika mchoro upesi kuliko katika insha.

Nawaomba wathibiti ubora wa shule wasiihesabu michoro hiyo kuwa uchafu wa daftari, na wazazi, kabla ya kumgombeza mtoto, wamwombe kwanza aeleze alichokichora.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Temeke, Dar es Salaam