Klipu ya kalavati ilienea, kikao kikakosa watu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma. Mvua za masika zilipoanza, kalavati la hapa sokoni kwetu, lile bomba la kupitishia maji ya mtaro, liliziba, maji yakapanda mpaka kwenye meza za kina mama wa nyanya, nikatoa simu nikarekodi dakika mbili hivi, kuna mama alikuwa na beseni la dagaa kichwani na kiatu kimoja mkononi, kile kingine kishachukuliwa na maji. Nikatuma kwa grupu ya mtaa. Jioni klipu ikanirudia kutoka kwa shangazi yangu Nairobi, kila mtu analaani, kila mtu anasema kaunti imelala.

Wiki tatu baadaye kukawa na kikao cha bajeti, kile cha kuchukua maoni ya wananchi. Tangazo lilibandikwa kwa chifu, nikalipiga picha nikalituma grupu ile ile. Tulifika watu 11. Kumi na moja Mhariri! Viti vya plastiki vingi havikupangwa hata, vimebebana tu pale ukutani. Mtaro wa soko haukuwa kwenye orodha ya miradi na sisi 11 hatukuweza kuuingiza. Katiba kifungu cha 196 inalazimisha bunge la kaunti litushirikishe, lakini haiwezi kuja kututoa nyumbani.

Sisemi kupiga picha ni kazi bure, nguvu yake nimeiona kwa kura. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo ya urais yakishatangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, hakuna wa kuyageuza huko mbele, basi ile fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo, ya kubandikwa mlangoni ikawa kitu cha kulindwa na yeyote mwenye simu. 2022 tume ya uchaguzi ikaweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwa mtandao, nikachukua ya kituo chetu nikailinganisha na picha niliyopiga usiku ule kwa tochi, namba kwa namba, zikalingana, nikalala. Lakini ile picha ilikuwa na kazi manake watu walipanga foleni toka alfajiri na wengine wakakesha pale. Ya kalavati ilikuwa na nini nyuma yake? Hasira tu, na hasira ya simu inaisha na bando.

Kwa hivyo nyinyi wa magazeti mkichapisha picha zetu za mitaro na barabara mbovu, tafadhali wekeni hapo chini siku na mahali pa kikao cha bajeti cha eneo lile.

Mimi nimetumia sheria ya kupata habari ya 2016, nimeandika barua kuuliza pesa za mtaro ule zilienda wapi, nimeambatisha picha nne, nimeipeleka mwenyewe ikagongwa muhuri. Wanapaswa kunijibu ndani ya siku 21. Leo ni ya tisa.

Msomaji wenu,
Pwani